Kusikiliza Mapovu

Mgonjwa wa leo ni mwalimu wa darasa la pili. Kinyama kilichoota kwenye uzi wake wa sauti kimekatwa, siku za kunyamaza kabisa zimekwisha, na daktari wa koo amechungulia kwa kamera akaridhika kwamba jeraha limefunga. Sasa ni zamu ya mtaalamu wa tiba ya usemi. Vifaa alivyo navyo mezani ni glasi ya maji, mrija na saa.

Haanzi na sauti. Anamtazama mwalimu anavyopumua, na mabega yakipanda anayashusha kwa ncha za vidole, bila neno. Pumzi ikishatulia tumboni, anatumbukiza mrija majini, sentimita mbili tu.

"Pulizia humu, Mwalimu, huku ukisema uuu."

Mimi naona mapovu, yeye anayasoma. Yakikatikakatika, pumzi imeyumba. Yakiruka kwa kishindo, koo limelazimishwa. Anayataka yatokote kama maharage kwenye moto mdogo. Maji yanaizuia pumzi kidogo, shinikizo linarudi hadi kooni, na nyuzi zinatetema kwa kugusana tu, bila kugongana. Hilo si jambo dogo: mwanamke anapozungumza, nyuzi zake hukutana takribani mara 200 kwa sekunde. Wala mbinu hii si ngeni: huko Ufini, mtaalamu wa fonetiki Antti Sovijärvi alikuwa akitibu sauti kwa mirija ya kioo tangu miaka ya 1960.

Mrija unawekwa kando, "mmm" inabaki midomoni. Kisha mama, mia, maembe. Kiswahili kimemrahisishia kazi, kimejaa m. Mtihani ni maneno yanayoanza na irabu. Mwalimu anasema "asante", inatoka na mkwaruzo.

"Tanguliza pumzi."

Tena. Tena. Mtaalamu hasifu kabla ya wakati wala hakunji uso; mkwaruzo ukirudi, anarudi kwenye mrija kana kwamba ndiyo kwanza wanaanza. Mwalimu akinong'ona anakatazwa, maana kunong'ona nako hukaza koo. Akitaka kujikohoza, anasogezewa maji anywe.

Hatimaye "asante" inatoka safi. Mtaalamu anaandika mstari mmoja kwenye faili na kumpa mrija aende nao nyumbani, afanye zoezi kidogo kidogo kutwa.

Wakuu wa shule, mwalimu huyu akirudi kazini mpunguzieni vipindi, na mumpe kengele ya kuwaita watoto uwanjani.