Wazee wa Bandiagara na Wageni wa Nyota

Mwezi wa Februari alinijia kijana mmoja wa kijiji chetu, asomaye chuo mjini, akiwa na kitabu kikuukuu mkononi na furaha nyingi usoni. Akasema, "Mwalimu, humu imeandikwa ya kuwa Waafrika walipata elimu kwa watu waliotoka katika nyota, kabla Wazungu hawajaiona nyota yenyewe." Nikakipokea, nikakisoma kwa taa siku tatu usiku. Nakiri ya kuwa usiku wa kwanza nilifurahi kama yeye. Usiku wa tatu nilikuwa nimeudhika, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Kitabu chaitwa The Sirius Mystery, nacho kilitungwa na Robert Temple, Mmarekani aliyekaa Uingereza. Kilitolewa mara ya kwanza mwaka 1976, na tena mwaka 1998 kikiwa kimeongezwa. Habari yake ni hii. Katika nchi ya Mali, penye magenge marefu ya Bandiagara, wakaa watu waitwao Wadogon, wakulima wa mtama na vitunguu. Mtaalamu wa Kifaransa, Marcel Griaule, alifika kwao mwaka 1931, akarudi mara nyingi. Mwaka 1950 yeye na mwenziwe, Bibi Germaine Dieterlen, walichapisha makala juu ya mambo waliyoambiwa na wazee wachache kuhusu nyota Sirius. Nyota hiyo ndiyo ing'aayo kuliko nyota zote za usiku. Msomaji akitoka nje jioni mwezi wa Februari, azitafute zile nyota tatu zilizopangwa safu moja, kisha afuate mstari wao kuelekea kusini-mashariki. Ataiona, wala hataihitaji miwani.

Basi wazee wale, kama ilivyoandikwa, walisema ya kuwa Sirius ina mwenziwe asiyeonekana kwa macho. Walimwita kwa jina la po, punje ndogo kuliko nafaka zao zote. Walisema huizunguka Sirius kwa miaka 50, naye ni mzito mno hata watu wote wa dunia wakikusanyika hawawezi kumwinua.

Ajabu ni kwamba elimu ya falaki yasema karibu vivyo hivyo. Mwaka 1844 Mjerumani Bessel aliona ya kuwa Sirius huyumba kidogo katika mwendo wake, kana kwamba yavutwa na kitu kisichoonekana. Mwaka 1862 Mmarekani Alvan Graham Clark, alipokuwa akijaribu kioo kipya cha darubini, alikiona kitu hicho: nyota hafifu karibu na ile kubwa. Tangu mwaka 1915 wajuzi walianza kutambua tabia yake ya ajabu, na leo twajua ya kuwa ukubwa wake ni kama wa dunia yetu lakini uzito wake wakaribia ule wa jua. Kijiko kimoja cha nyota ile kingekuwa na uzito wa tani nyingi. Tena ni kweli ya kuwa huzungukana na mwenziwe kwa muda wa miaka 50.

Bwana Temple auliza: watu wasio na darubini walijuaje? Naye ajibu ya kuwa Nommo, viumbe wa majini watajwao katika hadithi za Wadogon, walitoka katika nyota za Sirius zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Waliwafundisha watu wa Misri na wa Babeli ustaarabu, na habari ile ikapita mkono kwa mkono hata ikafika Bandiagara.

Sitaki kumdhulumu mwandishi. Amesoma mengi, na makala ya Griaule na Dieterlen ameiweka mwishoni mwa kitabu ili msomaji ajionee. Wengi waandikao habari za wageni wa nyota hawafanyi hivyo. Erich von Däniken, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1968 aliyageuza magurudumu ya nabii Ezekieli kuwa chombo cha kurukia angani, alikwenda mbio zaidi na kuthibitisha machache. Hata swali la Temple si swali la kipumbavu. Kosa lake liko nyuma ya swali, katika mambo aliyoyachukua kuwa yakini bila kuyapima, nasi wasomaji tukayapokea pamoja naye bila kujua.

Katika hayo, lililo kubwa ni hili: ya kuwa neno asemalo mzee wa Kiafrika lazima ni neno la babu wa babu yake. Niruhusiwe kusimulia jambo lililonipata mwenyewe. Miaka saba iliyopita niliwafundisha watoto wa darasa la nne ya kuwa mwezi hauna nuru yake wenyewe, bali huakisi nuru ya jua, nami niliwaonyesha kwa taa na chungwa. Baada ya miaka miwili alikuja mgeni kuandika mila za kwetu, nami nikampeleka kwa mzee mmoja anayeheshimiwa sana. Mzee akamwambia, "Mwezi ni mwanamke maskini, hana moto jikoni mwake, huazima kwa jua." Mgeni aliandika kwa haraka, macho yakimng'aa. Mimi nilinyamaza, maana nilimjua mjukuu wa mzee yule. Alikaa benchi la mbele, na chungwa alilila yeye. Mzee hakusema uongo. Alisikia jambo zuri, akalivika nguo za kwetu, likawa lake. Mambo ya moto na jiko hayakutoka kwangu; ni yake, nayo yalipita somo langu kwa uzuri. Lakini kama mgeni yule angeandika ya kuwa hiyo ni elimu ya miaka elfu, nani angemsahihisha?

Wafaransa waliingia Bandiagara mwaka 1893, karibu miaka 40 kabla Griaule hajafika. Wanaume wa nchi zile walichukuliwa kupigana Ulaya katika vita ya mwaka 1914, na waliorudi walirudi na habari. Miaka ya 1920 nyota nzito ilikuwa ikitajwa hata katika vitabu vya watu wote. Sisemi ya kuwa nimethibitisha nani alimwambia nani. Mmarekani Carl Sagan, mjuzi wa nyota, alidhani katika kitabu chake cha mwaka 1979 ya kuwa ilikuwa njia ya namna hiyo, naye pia hakuwa na shahidi. Nauliza tu: kwa nini ni rahisi kuamini ya kuwa Mdogon alifundishwa na kiumbe mwenye mkia wa samaki, na ni vigumu kuamini ya kuwa alikaa kivulini akaongea na msafiri aliyesoma magazeti? Jibu halimo kitabuni. Naona sababu ni kwamba mwandishi amemweka Mdogon ndani ya chungu kilichofunikwa, asiyesikia kitu wala kuuliza kitu kwa miaka elfu tano.

Jambo la pili ni lugha. Griaule alizungumza na wazee kwa mkalimani. Sisi walimu twajua kazi hiyo ilivyo. Mkalimani mwema hutaka kuwapendeza wote wawili. Muulizaji akirudia swali moja mara tatu, mkalimani ameshafahamu jibu linalotakiwa, na mzee naye, kwa adabu, hapendi kumwacha mgeni aondoke mikono mitupu. Mholanzi Walter van Beek alikaa na Wadogon miaka mingi kuanzia 1979, akachapisha aliyoyaona mwaka 1991. Hakumpata mtu aliyeijua Sirius kuwa nyota mbili, isipokuwa kwa habari zilizotokana na Griaule mwenyewe. Tena waliotaja nyota ya sherehe yao kubwa, iitwayo sigi, hawakupatana ni nyota ipi. Mmoja alionyesha hii, mwingine ile.

Yampasa msomaji asikie na upande wa pili. Binti yake Griaule, Bibi Geneviève Calame-Griaule, alijibu mwaka uo huo ya kuwa elimu hiyo ilikuwa siri ya wazee wachache, na kwamba van Beek hakupewa kwa kuwa hakuwa mtu wa kupewa. Jibu hili lina uzito, maana hata kwetu si kila mtu huambiwa ya jandoni. Lakini siri ijulikanayo na watu wachache tu, kisha isisikike tena kwa mwingine ye yote, haiwezi kubeba mzigo mkubwa hivi wa kuthibitisha ya kuwa wageni wameshuka kutoka mbinguni. Ningesita kumhukumu mtu kwa kuku aliyeibiwa kwa ushahidi wa namna hiyo.

Nimeona pia jinsi yasiyofaa yalivyopitishwa kimya kimya. Wazee walitaja nyota ya tatu karibu na Sirius. Darubini za leo hazijaiona. Sherehe ya sigi huwa kila miaka 60, na ya mwisho ilianza mwaka 1967, ikazunguka vijiji hata 1973; lakini nyota yazunguka kwa miaka 50. Maelezo yatolewayo kuzipatanisha hesabu hizi hayakuniridhisha. Mtoto akinipa majibu kumi, na mawili yakawa sahihi, simpigi makofi kwa yale mawili na kuyafuta manane.

Sasa nieleze kwa nini niliudhika, maana makosa ya hesabu hayamwudhi mtu mzima. Mwaka 1871 Mjerumani Karl Mauch alifika penye kuta za mawe za Zimbabwe, akasema ni kazi inayohusiana na Malkia wa Sheba. Wengine wakasema Wafinisia, wengine Waarabu wa kale. Mwaka 1905 David Randall-MacIver alichimba akaona ni kazi ya Waafrika. Mwaka 1929 Bibi Gertrude Caton-Thompson alichimba tena akapata yale yale. Hata hivyo walowezi na serikali yao waliendelea kumtafuta mgeni kwa miaka mingi baadaye. Walichukua kuwa yakini ya kuwa wenyeji hawakuweza, kwa hiyo sharti alikuja mtu. Leo imejulikana ya kuwa kuta zile zilijengwa na mababu wa Washona, na sarafu ya Kilwa ya karne ya 14 imeokotwa humo, kwa maana watu wale walikuwa katika biashara iliyofika pwani yetu. Mfinisia ameondoka. Naona ya kuwa mgeni wa nyota amekuja kukaa katika kiti kile kile, nacho hakijapoa. Bwana Temple hakukusudia kututukana, alidhani anatusifu. Lakini sifa hiyo yamwacha mzee wa Bandiagara na kazi moja tu, ya kushika mzigo wa mtu mwingine bila kuudondosha. Kuitazama nyota mwenyewe, kubuni, kusikia jipya, kuchanganya la kale na la jana: hayo yote amenyang'anywa. Na kijana wangu aliyafurahia!

Wako nao wanaocheka tu na kusema, "Wageni hawapo, maana hatujawaona." Hao pia wamechukua kuwa yakini neno wasilolipima. Tangu mwaka 1995, ilipogunduliwa sayari ya kwanza izungukayo jua lingine lililo kama letu, zimehesabiwa sayari zaidi ya 5,000, na hakuna ajuaye nini kimo ndani yake. Kuwapo viumbe huko ni swali moja. Kufika kwao hapa ni swali lingine, tena gumu zaidi. Chombo Voyager 1, kilichorushwa na Wamarekani mwaka 1977, kingehitaji miaka zaidi ya 70,000 kusafiri umbali wa kufika nyota iliyo jirani ya jua letu, na Sirius iko mara mbili ya umbali huo. Labda wengine wana vyombo vilivyo bora. Labda hawana vyombo kabisa, wala mikono, wala hamu ya kusafiri. Ni sisi tunaowapa macho mawili na tabia ya maliwali.

Kwa habari ya Sirius yenyewe naweza kusema zaidi. Nyota zile ni changa: umri wao hauzidi sana miaka milioni 240, hali dunia yetu ina miaka milioni 4,500. Huyo mwenzi mdogo zamani alikuwa jua kubwa, akavimba, akayatupa mavazi yake ya nje angani. Samaki wenye hekima wangepata wapi bahari tulivu na wakati wa kukua hapo?

Nilimrudishia kijana kitabu chake, nikamwomba jambo moja. Babu yake angali hai, naye alilima kwa kukitazama Kilimia kabla shule hii haijajengwa. Nilimwambia, "Nenda usiku, umwonyeshe babu ile nyota kubwa, umwulize yaitwaje kwa lugha ya kwenu. Usimwambie lo lote kwanza."

Alirudi baada ya siku mbili akicheka. Mzee alikuwa ameitazama nyota kwa muda, akavuta blanketi lake mabegani, akamwuliza mjukuu, "Na ninyi huko chuoni mnaiitaje?"