Kabla Hujahamia Jahazini

Mtu wa Kansay akienda kukagua nyumba hutazama paa kwanza. Anayetaka kuhamia jahazini aanze chini. Eyasi, ziwa letu la jirani, halitamfundisha hilo: ni la chumvi, kina chake kifupi, na kiangazi maji hurudi nyuma mpaka linabaki tope na magadi. Ashuke pwani, Bagamoyo au Kilwa, na akipata nauli afike Lamu, akaone vyombo ambavyo mabaharia hupika, hulala na kuugulia humohumo.

Kwanza mwombe nahodha akufungulie ngama, pale chini kabisa maji yanapokusanyika. Kila chombo cha mbao huvuja. Anayekuapia kwamba chake hakivuji, mwage kwa salamu. Unachotafuta ni aina ya maji na kasi yake. Yakiwa meupe, na baharia akayafua kwa upo asubuhi na jioni akamaliza, chombo kina afya. Yakiwa meusi na kunuka, yamelala humo siku nyingi, na mbao zimelala nayo. Chombo kilichopandishwa ufukweni miezi mingi usikitolee hukumu hata kidogo. Mbao zimekauka na kuachana. Kikirudi majini kitavuja vibaya hadi zivimbe, na hutajua kosa ni la jua au la uzee.

Kisha pitisha ukucha kwenye maungio. Pamba ya kalafati iliyopigwa na fundi mwenye subira haichomozi hata uzi. Mchirizi wa kutu chini ya msumari ni dalili ya maji kuingia. Gonga mataruma kwa mpini wa kisu: zima hujibu kwa mlio mkavu, bovu hujibu kizito. Uliza pia lini kilidehenishwa, maana chokaa na shahamu ndizo zinazomzuia mdudu anayetoboa mbao baharini. Kazi hiyo husubiri bamvua, maji yakupwe na kukiacha chombo mchangani.

Kukaa ndani kuna hesabu yake. Alan Villiers, baharia wa Australia, aliishi miezi kadhaa mwaka 1938 na 1939 ndani ya Bayan, chombo cha Kuwait kilichofika Zanzibar na kupakia boriti za mikoko Rufiji. Mabaharia wake walilala juu ya sitaha. Kwa hiyo usidanganywe na vitanda. Mimi hupima jiko kwanza: sanduku la mbao lenye mchanga wa kutosha chini ya moto, lililowekwa mahali ambapo moshi hauwafuati wanaolala. Halafu pipa la maji ya kunywa, limefungwa imara na lina kifuniko. Choo, lile sanduku linaloning'inia tezini, kikanyage kwa mguu mmoja kabla hujaweka wa pili.

Rangi iache mwisho. Ikiwa mpya mno, muulize mwenye chombo imepakwa lini, na chini yake kulikuwa na nini.