Zaburi ya 88 haina ushindi

Kuna zaburi moja ambayo sijawahi kuisikia ikisomwa mazishini. Niliisoma mara ya kwanza mwaka 2012, kwa kogo, nyanya yangu, kule Ndanai, Sotik. Mwaka huo mahindi yake yalianza kukauka kwenye kingo za majani, na mabua yakazaa magunzi yenye punje za kuhesabu. Ni ule ugonjwa wa virusi ulioonekana Kenya mara ya kwanza huko huko Bomet mwaka 2011. Babu naye tulikuwa tumemzika miezi michache tu kabla. Jumapili ya shukrani ya mavuno, kogo alikaa kwenye benchi lake la siku zote, mikono mitupu, kwaya ikiimba ushindi.

Jioni akaniita nimsomee, maana macho yalishaingia mtoto wa jicho. "Themanini na nane," akasema. Nikasoma huku nikingoja ile "lakini" ya kutuliza moyo. Wapi!

Tangu hapo nimeirudia mara nyingi, siku hizi kwa simu ndani ya matatu. Karibu zaburi zote za kilio zina kona. Ya 13 ina aya sita tu, na kabla haijaisha mlalamikaji ameshaanza kuimba. Ya 22, ambayo Yesu aliililia msalabani, nayo hugeuka. Ya 88 inakwenda moja kwa moja hadi chini. Kwa Kiebrania neno lake la mwisho ni giza.

Kinachonishika zaidi ni ujeuri wake. Huyu mtu haungami dhambi hata moja. Zaburi nyingine zimejaa maadui, hapa hakuna adui. Kila baya analiweka mlangoni kwa Mungu mwenyewe: shimo, mawimbi, hata marafiki waliomkimbia. Halafu anaanza kupatana bei, kama mtu wa soko la Ndanai: nikifa, utasifiwa na nani? Maiti huimba? Nikiwasomea marafiki zangu hapo huwa wanacheka, na kusema ukweli hata mimi hucheka.

Lakini angalia sarufi yake. Toka mwanzo hadi mwisho, Mungu yuko katika nafsi ya pili. Wewe, wewe, wewe. Hata akiwa amekasirika kiasi hicho, hajamsema kando kwa watu. Mara tatu anataja kuomba kwake: mchana na usiku, kila siku, na tena asubuhi. Mimi naona imani yake imebaki hapo tu, katika huo "wewe", na imetosha kumfanya aendelee kuongea.

Nyimbo zetu za injili, zile za spika kubwa kwenye matanga, haziwezi kukaa dakika nne bila kushinda. Sizichukii, nimezicheza sana harusini. Ila kuna siku zinamwambia aliyefiwa kwamba amechelewa kufurahi.

Nina lalamiko moja. Ukiisoma zaburi hii peke yako saa tisa usiku, kwenye bedsita ya Roysambu, inaweza kukuzamisha zaidi. Haina mtu mwingine ndani yake. Nilikuwa nahesabu hilo kuwa dosari hadi nilipoangalia vizuri maneno madogo ya juu, yale tunayoyaruka: ni wimbo, wa wana wa Kora, umekabidhiwa mwimbishaji. Kumbe iliandikiwa kwaya! Mtu aliyeshindwa hata kufungua mdomo aliimbiwa giza lake na wenzake, kwa sauti, mahali pa ibada. Bado nasubiri kwaya ya kwetu itakayothubutu.

Jioni ile, nilipofika mwisho, nilifungua ya 23 haraka haraka. Kogo akaweka kiganja juu ya ukurasa.

"Wacha hapo. Kesho asubuhi utanisomea tena hiyo hiyo."

Kisha akanituma nikawalete ng'ombe, walikuwa hawajakamuliwa.