Fasili ya "Shore" na Ndege wa Vichaka vya Ikutha

Kamusi za Kiswahili, tangu ile ya Johnson ya mwaka 1939 hadi Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, aghalabu humfasili ndege kwa umbo na rangi yake. Desturi hiyo yamfaa ndege akaaye wazi. Shore wa kawaida, mwenye kichwa cheusi na manjano chini ya mkia, hula mapapai mbele ya macho ya watu. Rangi yatosha kumtambulisha. Lakini haiwatoshi jamaa zake wa kichakani.

Ikutha, kusini mwa Kitui, yatoa mfano mwema. Katika vichaka vya nyika hiyo ya mashariki ya Kenya, na katika miti iliyosongamana kandokando ya mito, huishi ndege wawili wa ukoo wa shore ambao wataalamu huwaita Phyllastrephus strepitans na Phyllastrephus terrestris. Wote wawili ni wa kahawia mgongoni, hafifu tumboni, bila doa la manjano. Asemaye "ndege mdogo wa rangi ya kahawia" amewataja wote wawili na wengine kadhaa. Yaani hakumtaja hata mmoja.

Wanatofautianaje? Wa kwanza ana wekundu wa kutu kiunoni na mkiani, na kundi lake hupiga makelele mengi. Wa pili ana koo jeupe zaidi, hupekua majani makavu chini ya miti, na sauti yake ni ya chini, yenye mkwaruzo. Mara nyingi msikilizaji huona jani likitikisika tu. Hapo sikio hutangulia jicho. Reichenow alipompa wa kwanza jina mwaka 1879 alichagua neno la Kilatini lenye maana ya "mpiga kelele". Swainson, mwaka 1837, alikuwa amemwita wa pili "wa ardhini". Majina hayo, yadhaniwayo kuwa makavu, yaeleza tabia ambayo fasili ya rangi huiacha.

Yaweza kujibiwa kwamba kamusi si kitabu cha elimu ya wanyama. Ni kweli. Lakini kinachodaiwa hapa si maneno mengi, bali maneno yanayobagua. "Shore wa kahawia mwenye mkia mwekundu, aendaye kwa makundi yenye kelele vichakani" ni fasili fupi, nayo yamtenga ndege huyo na mwenzake.

Pia watunga kamusi wawaulize wachungaji na warina asali wa Ukambani, ambao hupita vichakani humo. Kikamba humwita ndege nyunyi, neno lililo ndugu ya nyuni la Kiswahili cha kale. Kukopa majina kutoka huko si kukopa ugenini. Pasipo kazi hiyo, mwanafunzi wa Ikutha ataendelea kufungua kamusi na kumkosa ndege anayemsikia kila asubuhi, na atajifunza kwamba Kiswahili sanifu hakikuandikwa kwa ajili ya nchi yake.