Boma Kabla ya Mvua

Katika vijiji vya Kilolo, Mufindi na Rungwe, ujenzi wa zahanati huanza na hesabu ya matofali. Mkutano mkuu wa kijiji unakaa, mtendaji anasoma ajenda, na kabla watu hawajatawanyika kila kitongoji kimeshapewa fungu lake: hawa watafyatua na kuchoma matofali, wale watasomba mawe ya msingi, wengine mchanga na maji. Kila mwenye nguvu kazi, yaani mtu mzima asiye kikongwe wala mgonjwa, anapangiwa na mchango wa fedha juu yake. Halmashauri huyaita hayo nguvu za wananchi. Katika taarifa za miradi yana safu yake, yamethaminishwa kwa shilingi kana kwamba yalipitia benki.

Utaratibu huo una mizizi. Wahehe walikuwa na mgowe, kazi ya pamoja ambayo mwenye shamba aliwaandalia waliomsaidia chakula na kinywaji. Azimio la Arusha la 1967 likaipa dhana ya kujitegemea nguvu ya siasa ya nchi. Kisha mwaka 2007 ukaja Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, MMAM, uliokusudia hadi 2017 kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata kituo cha afya. Mgawanyo wa kazi ulikuwa mwepesi kueleza: wananchi wainue kuta, halmashauri na Serikali Kuu wapaue na kumalizia. Neno "maboma", yaani majengo yaliyoinuliwa kuta bila kumaliziwa, likaingia kwenye hotuba za bajeti na halijatoka hadi leo.

Ukitazama jinsi boma linavyochangwa, utaona kwa nini mengi hukwama usawa ule ule: kwenye linta. Hadi hapo karibu kila kinachohitajika kinapatikana kijijini. Udongo upo, kuni za tanuru zipo, mafundi wapo, na mikono ipo tele baada ya mavuno. Juu ya linta mambo hugeuka. Nondo, saruji, bati, misumari, mbao zilizotiwa dawa na madirisha vyote ni vya dukani, navyo havilipwi kwa siku ya kazi. Mchango wa kijiji unakuwa umefika kikomo cha aina yake, hata kama ari bado ipo.

Halafu kuna kalenda. Nyanda za Juu Kusini huwa na msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, na Rungwe ni miongoni mwa wilaya zinazonyeshewa zaidi nchini. Fedha za mkulima wa mpunga wa Mbarali au wa mahindi wa Iringa huonekana kati ya Juni na Septemba. Kamati ya ujenzi yenye akili huhesabu kurudi nyuma: bati ziwe juu kabla ya Novemba, kwa hiyo kenchi zipigwe Oktoba, kwa hiyo msingi uchimbwe mara tu mahindi yakishaingia ghalani. Inayoanza Septemba kwa sababu kiongozi fulani alipita akahimiza, huacha kuta za tofali lililoungwa kwa udongo zikinyeshewa mvua miezi sita. Mwaka unaofuata wananchi wanaombwa kuchangia tena boma lile lile, na hapo ndipo watu huanza kuchelewa mikutanoni.

Serikali ilipoamua kuyamalizia, kiwango kilichozoeleka kilikuwa shilingi milioni 50 kwa boma moja la zahanati. Fedha hizo hutumika kwa utaratibu wa "force account": halmashauri haimpi kazi mkandarasi, bali kijiji huunda kamati ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi, kikaajiri mafundi wa hapo hapo. Ufundi wake mkubwa uko kwenye kamati ya mapokezi. Anayenunua saruji siye anayeihesabu inaposhushwa, na anayeihesabu ni jirani ambaye naye alibeba mawe.

Dosari haina budi kutajwa. Kiwango cha mchango kwa kawaida ni kimoja kwa wote, kwa hiyo mjane mwenye robo eka hutoa sawa na mfanyabiashara wa mbao wa Mafinga. Hilo ni kodi ya kichwa kwa jina jingine.

Tatizo kubwa zaidi huanza siku ya uzinduzi. Zahanati huhitaji nyumba ya mtumishi, choo, kichomea taka, shimo la kondo, maji, na muuguzi ambaye ikama ya halmashauri imemruhusu. Baada ya hapo inahitaji glovu na dawa kila mwezi. Ni rahisi kumwomba mtu tofali litakaloonekana ukutani; kumwomba glovu itakayotupwa jioni ni kazi nyingine kabisa.

Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, uliojaribiwa Igunga mwaka 1996 na kupewa sheria mwaka 2001, ulikuwa jaribio la kuchangia upande huo wa uendeshaji. Kaya ililipa kwa mwaka, na Serikali ikaongeza kiasi kile kile kwa mpango ulioitwa tele kwa tele. Ulipoboreshwa mwaka 2018, mchango ukawa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu hadi sita. Mwaka wa fedha 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya nazo zikaanza kwenda moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, hivyo zahanati ikapata kauli juu ya matumizi yake.

Hospitali za makanisa ziliijua shida hii mapema zaidi. Dayosisi ya Iringa ya KKKT imefungamana na Walutheri wa eneo la Saint Paul, Minnesota, tangu 1987 chini ya jina Bega kwa Bega. Usharika wa huku umepewa mwenzake wa kule, na Hospitali ya Kilutheri ya Ilula ni miongoni mwa walionufaika. Kilichoubeba uhusiano huo kwa zaidi ya miaka 30 ni kwamba mchangiaji anamjua anayepokea kwa jina, wanatembeleana, na swali la mwaka jana huulizwa tena mwaka huu.

Tosamaganga, kilomita kama 15 kutoka mjini Iringa, walikwenda mbali zaidi. Hospitali hiyo ya Jimbo Katoliki la Iringa ilikuwa hospitali teule, yaani ya kanisa lakini yenye mkataba na Serikali wa kutoa huduma za ngazi ya wilaya. Mwaka 2012 shirika la madaktari la CUAMM kutoka Padova, Italia, lilianzisha mpango wa miaka mitano wa akina mama na watoto katika nchi nne za Afrika, na Tosamaganga ikachaguliwa kwa Tanzania. Wafadhili waliombwa kuchangia uzazi salama, na shabaha ya nchi zote nne ilikuwa akina mama 125,000 wajifungue mikononi mwa wahudumu. Mpango ulihusisha zahanati, vituo vya afya na hospitali kwa pamoja, kwa sababu mama mwenye uchungu pingamizi hupoteza muda njiani kabla hajaupoteza wodini.

Mbeya nayo ina Tulia Marathon, inayoandaliwa na taasisi ya Tulia Trust kwa ajili ya afya na elimu. Mbio hukusanya ada za washiriki na fedha za wadhamini ambao hawangekuja kwenye mkutano wa kijiji Busokelo hata kidogo. Ila ni mapato ya mara moja kwa mwaka, yanayofaa vitanda na mashine kuliko mshahara wa mlinzi.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa mwaka 2023, inaleta mchango mwingine wa kaya juu ya haya yote. Kwa mkulima wa Nyanda za Juu, mengi yatategemea mwezi atakaodaiwa. Agosti ana mahindi ya kuuza. Januari ana sare za shule na mbolea, na ghala limeanza kupwaya.