Mwili wa mu telefone na mwili wa Kituku

Wandugu wasomi, kila mara mada ya vyombo vya habari na umbo la mwili inapotokea mu mazungumzo yetu, kuna mtu anajibu haraka: "Ile ni mambo ya Wazungu. Sisi huku tunatafuta cha kula, nani atakataa chakula?" Watu wanacheka, mjadala unaishia pale. Mimi naona jibu hilo lina makosa mawili. Linadhani utamaduni wetu ni ukuta. Tena linadhani ugonjwa wa kula una sura moja tu, ile ya msichana mwembamba wa Paris anayesukuma sahani pembeni.

Tuanze na ukuta. Mu visiwa vya Fiji watu walipenda mwili ulionona, kama sisi. Mtu akikonda, waliuliza kama kwao hawamtunzi. Televisheni ilifika eneo la Nadroga mwaka 1995. Mtafiti Anne Becker, wa chuo cha Harvard, aliwauliza wasichana wa shule mwaka huohuo: hakuna hata mmoja aliyesema anajitapisha ili apunguze uzito. Mwaka 1998 aliuliza wengine wa rika lilelile, na asilimia 11.3 walisema wanafanya hivyo. Walikuwa wasichana wachache, hawakufika 70 kila mara, kwa hiyo tusiifanye Injili. Lakini utamaduni wa kupenda unene ulikuwepo, na haukuzuia kitu.

Kuna jambo lingine ambalo timu ya Becker ilitoa mwaka 2011, na ndilo linatugusa zaidi. Kilichohusiana sana na tatizo hakikuwa televisheni ya nyumbani kwa msichana, bali yale marafiki zake wanayoyaangalia. Sasa fikiria hapa Goma. Mu kartie zetu telefone moja inazungukwa na vichwa vitano. Mwenye megabaiti anaangalia, wasio nazo wanachungulia begani. Kwa hiyo mtu asiseme "yule hana hata TikTok, hayamuhusu". Yanamuhusu kupitia rafiki yake.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Huku kwetu picha haituvuti upande mmoja. Inatuvuta pande mbili.

Upande wa kwanza ni ule unaojulikana: kiuno chembamba, tumbo bapa, chai ya kupunguza tumbo, filta inayochonga uso. Upande wa pili ni mwili wa klipu za muziki: nyuma kubwa, mapaja, mashavu yaliyojaa. Na upande huu wa pili una historia ya maumivu nyuma yake. Mwaka 1985 jarida la tiba Lancet lilichapisha makala juu ya ugonjwa mpya wa Rakai, Uganda, ambao wanakijiji waliuita "Slim". Ulikuwa UKIMWI. Toka pale, mu eneo letu lote la Maziwa Makuu, kukonda kukawa kama kusomewa hukumu barabarani. Ongeza vita na kambi za wakimbizi: mwili mwembamba unasema njaa, unasema umeshindwa. Ndiyo maana mtu akikutana na wewe baada ya miezi miwili, kabla ya salamu anakwambia: "Umekonda sana, uko mugonjwa?" Na ukinona: "Eeh, mambo iko muzuri, unakula franga peke yako!"

Mu hofu hiyo ndimo vidonge vinaingilia. Mwaka 2016 watafiti wa Kinshasa walichapisha utafiti juu ya matumizi mabaya ya siproheptadini mu mji ule. Hiyo ni dawa ya aleji. Inaleta usingizi na inafungua hamu ya kula, na watu wanainunua kwa sababu hiyo ya pili. Nyingine ni deksametazoni, dawa kali ya uvimbe. Inajaza uso, mtu anaonekana amenona, kumbe mwili unashika maji na mafuta. Ukiimeza muda mrefu bila muganga, inapandisha sukari na tansio, inalegeza mifupa. Ukiiacha ghafla ni hatari pia, kwa sababu tezi za mwili zinazotengeneza homoni ya aina hiyo zimeshalala. Mdada anayemeza vidonge hivi kila asubuhi ili afanane na klipu ana tatizo na chakula na mwili wake sawa na yule anayejitapisha Nadroga. Tofauti ni kwamba yeye tunamsifu.

Kuna wanaosema dawa ya yote haya ni kusifia miili yetu ya Kiafrika hadharani. Uganda walijaribu. Februari 2019 yalizinduliwa mashindano ya Miss Curvy Uganda, kwa wanawake wenye maumbo makubwa. Wazo lilionekana jema: si lazima malkia wa urembo awe kijiti. Lakini pale uzinduzini waziri mdogo wa utalii, Godfrey Kiwanda, aliwaweka wanawake hao mu orodha ya vivutio vya watalii. Wanawake wengi wa Uganda walikasirika, na walikuwa na haki. Mwanamke akiwekwa pamoja na vivutio vya mbuga, hajaheshimiwa. Kipimo kimebadilishwa, lakini bado ni kipimo, na mwenye kukishika ni yuleyule. Na yule mwembamba naye sasa anabaki nje, anatafuta vidonge.

Makampuni yenyewe yanajua. Mwaka 2021 nyaraka za ndani za Facebook, zilizotolewa na Frances Haugen, zilionyesha kwamba asilimia 32 ya wasichana vijana waliojisikia vibaya kuhusu miili yao walisema Instagram inawaongezea. Ufaransa, tangu Oktoba 2017, tangazo la biashara lenye picha ya mwanamitindo aliyepunguzwa au kuongezwa umbo kwa kompyuta lazima liandikwe hivyo. Ni sheria nzuri, lakini haifiki kwa jirani aliyeweka filta mu status ya WhatsApp.

Sasa turudi Kituku. Angalia mama anayeshusha mzigo toka mu boti ya Minova ama Idjwi, ama kijana anayeteka bidoni za maji ya ziwa. Mwili pale ni kazi, ni mgongo, ni miguu. Simaanishi maisha yale ni mazuri, hapana, yanachosha na yanaua. Lakini pale mwili unaulizwa "unaweza?" kabla ya kuulizwa "unaonekanaje?". Sisi wenye diploma tumebadilisha swali, na tunadhani ni maendeleo.

Na kuna hatari ambayo ni ya mji wetu hasa. Januari 2025 banki zilifungwa, franga zikawa ngumu, nyumba nyingi zikapunguza chakula. Mu hali hiyo dada yako akisema "sina njaa", hutajua. Pengine anawaachia wadogo zake. Pengine anaona haya kusema hakuna kitu. Pengine anaogopa unene. Njaa ya kweli inaficha ugonjwa, na ugonjwa unaficha njaa. Yule anayesema "ni mambo ya Wazungu" hataona chochote kati ya haya, kwa sababu ameshaamua hakuna cha kuuliza.

Kwa hiyo siombi tuzime telefone. Naomba wanafunzi wa afya na wafamasia walio mu chama hiki waeleze wazi vidonge hivyo ni nini, kwa Kiswahili ambacho mama wa soko anaelewa. Naomba pia sisi wengine tujifunze salamu isiyopima kilo. Mtu ukimpata baada ya siku nyingi, muulize habari za nyumbani. Kama anakula ama hali, kama anameza kitu, atakwambia siku akiona kwamba haumpimi.

Wewe mu kartie yako unaona upande upi una nguvu zaidi, ule wa kukonda ama ule wa kunona? Andika hapa chini.