Kiondo Kisichojaa

Jioni ya kabla ya safari, mbuzi wakishaingia zizini, susu, nyanya yangu, alikuwa akitandika leso kitandani na kupanga juu yake kila alichodhani angekihitaji: gauni, sweta, leso ya pili, dawa ya kifua, viazi vitamu vya kuchemsha, kibuyu cha uji, kadi yake ya kliniki, viatu vya kanisani. Kisha aliketi kwenye kigoda akavitazama bila haraka, kama mtu anayechagua mbegu za kupanda. Vilivyobaki kitandani vilikuwa vingi kuliko vilivyoingia katika kiondo.

Kwetu ni upande wa vilima vya Iveti, juu ya mji wa Machakos, na huku mzigo wa mwanamke hukaa mgongoni, mkanda wa ngozi ukipita kwenye paji la uso. Kitu kisicho na kazi, shingo ndiyo inayokilipia. Kwa hiyo susu alikuwa na mtihani wake. Kiondo kikishafungwa, alijitwika, akatembea mpaka ghalani na kurudi. Akitua, alitoa kitu kimoja. Sikumwona hata siku moja akirudi na kuongeza.

“Ukipungukiwa huko uendako utaomba,” aliniambia. “Ukilemewa njiani, nani atakubebea, mwanangu?”

Ufundi huo nadhani alifunzwa na kiondo chenyewe. Zamani kilisukwa kwa nyuzi za gome la mbuyu na vichaka vya porini. Susu alisuka kwa mkonge, akisokota uzi pajani mpaka ngozi ikang’aa. Msuko huanzia katikati ya kitako, ukazunguka na kupanda, mzunguko juu ya mzunguko, hadi mdomoni. Ndani hakuna mifuko wala vyumba. Kizito hukaa chini, kikiegemea mgongo. Kitakachotakiwa kwanza hukaa juu. Kilicho laini huziba mapengo. Sanduku lina kuta ngumu, hupokea upuuzi wowote na kuuficha. Kiondo kikijazwa ovyo hutoa tumbo, na kijiji kizima kinaona.

Wakamba, watu wa kwetu, walikuwa wasafiri wa mbali kabla ya barabara. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 misafara yao ilipeleka pembe za ndovu Mombasa, ikipita nyika ya Taru isiyo na maji, na kurudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Katika nyika kama hiyo kosa la kufungasha halikuwa jambo dogo. Mmisionari Mjerumani Ludwig Krapf alilijua hilo mwaka 1851. Karibu na Mto Tana msafara aliokuwa nao ulishambuliwa, mwenyeji wake, mfanyabiashara mashuhuri Kivui, akauawa, na Krapf akakimbilia porini peke yake. Alipoyafikia maji ya mto hakuwa na chombo cha kuyachukulia. Akajaza ala ya ngozi ya darubini yake, akajaza na mitutu ya bunduki, akaiziba kwa nyasi, akashika njia ya kurudi. Kila nikikumbuka kisa hicho naona kibuyu cha susu pale kitandani. Chombo cha kutazamia mbali na chombo cha kuulia vyote viwili viligeuka vibuyu, kwa sababu kibuyu ndicho kilichohitajika.

Lakini susu hakusafiri na vichache kwa kuuhofia uzito peke yake. Robo ya kiondo aliiacha tupu kwa makusudi, na ilinichukua miaka kuelewa. Siku moja tulikuwa tukisubiri basi la usiku pale Kyumvi, njia ya Machakos inapokutana na barabara kuu ya Mombasa, nikamuuliza kwa nini hakubeba shuka wala sabuni. Akasema kwa shangazi yako Mombasa zipo. Waswahili husema msafiri maskini ajapokuwa sultani. Susu aliupokea umaskini huo kwa hiari. Alilala ndani ya leso ya mwenyeji, akaoga kwa sabuni ya mwenyeji, akamwachia nafasi ya kumkirimu. Anayefika na kila kitu anamwambia mwenyeji wake kwamba hana haja na chochote chake.

Kitu kimoja tu hakukipunguza: ndengu za shamba letu, kilo mbili, zimepepetwa na kuchaguliwa moja moja. Hizo zilikaa chini kabisa. Zikishamiminwa jikoni Mombasa, pengo lake na ile robo tupu vilingoja. Siku ya kurudi mlikuwamo nazi, papa mkavu aliyenukia basi zima, na halua iliyofungwa ndani ya karatasi tatu. Kiondo hakikuwahi kurudi kikiwa chepesi, wala susu hakuulalamikia uzito huo.

Sasa kiondo hicho ninacho mimi. Mkanda wake umekuwa mweusi pale ulipogusa paji la susu, na ni laini kama sikio la ndama. Kesho naenda kumwona shangazi, ambaye haoni vizuri tena. Nimetandika leso, nimetanguliza ndengu. Ghala lilianguka zamani, basi nimetembea mpaka langoni na kurudi, nikatua, nikatoa viatu vya pili. Nimetembea tena. Nimetoa na sabuni.